Umbali na muda wa safari kati ya Dar es Salaam na Mpanda

Umbali kati ya Dar es Salaam na Mpanda ni takriban kilomita 900 ukipimwa kwa mstari mfupi kabisa wa angani, yaani maili 560 za nchi kavu au maili 486 za baharini. Kwa reli, na kwa barabara inayopita Tabora, umbali huo unakaribia km 1,200. Kwa barabara ya kusini inayopita Mbeya na Sumbawanga ni karibu km 1,400. Safari ya ndege isiyotua njiani huchukua muda wa saa 1 na dakika 40 hivi, basi huhitaji karibu siku nzima, na treni ya reli ya zamani huhitaji siku moja na nusu hadi mbili.

Mpanda ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi, magharibi mwa Tanzania. Mkoa huo ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa. Wakati wa sensa ya mwaka 2012 eneo lake lilikuwa na watu 564,604. Katika sensa ya mwaka 2022 walihesabiwa 1,152,958. Kwa hiyo katika miaka kumi idadi ya watu wanaoweza kuhitaji safari hii imeongezeka zaidi ya mara mbili. Ingawa makao makuu ya nchi yako Dodoma, bado Dar es Salaam ndiyo yenye bandari kuu, kiwanja kikuu cha ndege, Hospitali ya Taifa Muhimbili na soko kubwa kuliko yote nchini. Mgonjwa, mfanyabiashara wa mchele na mwanafunzi wa chuo kikuu wote hukutana na swali lilelile: ni mbali kiasi gani, na nitafika lini?

Jibu la sehemu ya kwanza ya swali halibadiliki. Jibu la sehemu ya pili limebadilika sana, na sehemu kubwa ya tofauti kati ya majibu hayo mawili inaelezwa na mji mmoja ulio kando ya mstari ulionyooka: Tabora.

Namna umbali unavyokokotolewa

Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Julius Nyerere kiko kwenye latitudo ya 6°53′ Kusini na longitudo ya 39°12′ Mashariki. Kiwanja cha Mpanda kiko karibu na 6°21′ Kusini na 31°05′ Mashariki. Tofauti ya longitudo ni digrii 8 na dakika 7, takriban digrii 8.1. Tofauti ya latitudo ni dakika 32 tu, zaidi kidogo ya nusu digrii. Miji hii miwili basi inaelekeana mashariki na magharibi karibu sawasawa, Mpanda ikiwa kaskazini kidogo.

Mwanafunzi wa sekondari aliyefika kwenye mada ya dunia kama tufe anaweza kupata jibu kwa kalamu na karatasi. Umbali kwenye mstari mmoja wa latitudo hupatikana kwa kugawa tofauti ya longitudo kwa 360, kisha kuzidisha kwa mzingo wa dunia na kwa kosaini ya latitudo. Nusu kipenyo cha dunia kikichukuliwa kuwa km 6,400 kama ilivyozoeleka shuleni, na latitudo ya wastani kuwa digrii 6.6, jibu ni karibu km 898. Ile nusu digrii ya kaskazini na kusini ni km 58 hivi. Mtu anaweza kudhani kwamba km 58 zinajumlishwa na 898 kupata 956, lakini sivyo. Pande hizo mbili zinafanya pembe mraba, na kwa kanuni ya Pythagoras mstari wa hanamu kati ya ncha zake ni km 900. Kilomita 58 za upande mmoja zimeongeza mbili tu.

Hesabu hii ya Pythagoras hufaa kwa umbali mdogo kama huu, karibu na ikweta. Kwa miji iliyo mbali sana, mfano Tokyo na London, mkunjo wa dunia hauwezi kupuuzwa na hutumika kanuni ya duara kuu, yaani duara ambalo kitovu chake ndicho kitovu cha dunia. Ndiyo maana ndege za masafa hayo huonekana zikipinda kuelekea ncha ya kaskazini kwenye ramani ya ukutani, ilhali zimefuata njia fupi. Kati ya Dar es Salaam na Mpanda mpindo huo hauzidi km 2.

Programu za intaneti zinazotoa umbali kati ya miji huweza kutofautiana kwa kilomita chache, kwa kuwa nyingine hupima kutoka katikati ya mji na nyingine kutoka kiwanjani. Jambo hilo halina madhara. La kuangaliwa zaidi ni muda wa safari unaoandikwa chini ya umbali. Mara nyingi programu hizo hugawa kilomita kwa mwendo wa ndege kubwa ya jeti, kama km 800 kwa saa, kisha huongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Haziulizi kama kuna ndege siku hiyo, ni ya aina gani, wala kama itatua mahali pengine kwanza.

Mstari ulionyooka unapita wapi

Mtu akichora mstari kwa rula kutoka Dar es Salaam hadi Mpanda, ataona unapita karibu juu ya mji wa Morogoro kabisa. Halafu unapita kama km 50 kusini mwa Dodoma, unaingia kwenye nyika na mapori makubwa ya kusini mwa Singida na Tabora, eneo lenye watu wachache na maji haba wakati wa kiangazi, hadi kufika Katavi. Hakuna reli wala barabara kuu inayofuata mstari huo kwa urefu wake wote. Nusu ya mashariki, kutoka pwani hadi jirani ya Dodoma, njia za watu na mstari wa rula zinakaribiana. Baada ya hapo zinaachana.

Tabora iko takriban km 150 kaskazini mwa mstari huo. Hata hivyo treni hupita Tabora, basi la njia fupi hupita Tabora, na ndege nayo mara nyingine hutua Tabora kabla ya kwenda Mpanda. Sababu yake ni ya kihistoria.

Misafara, reli ya Wajerumani na madini ya risasi

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo na kufika Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, na kutoka hapo ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Njia ilifuata maji, chakula na masoko ya Wanyamwezi, ambao wenyewe walikuwa wapagazi na wafanyabiashara hodari. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857, wakafika Tabora Novemba. Henry Morton Stanley aliyeondoka Bagamoyo Machi 1871 alifika Juni, kwa muda wa miezi mitatu. Kutoka Tabora Stanley alitaka kwenda Ujiji, lakini vita vya mtemi Mirambo vilikuwa vimeifunga njia ya moja kwa moja. Akazunguka kusini kupitia Ukonongo, na hivyo akapita katika nchi ambayo leo ni sehemu ya Mkoa wa Katavi. Mara hiyo moja Ukonongo ulikuwa njia ya kwendea Ujiji. Kwa kawaida ulibaki pembeni.

Wajerumani walipojenga Reli ya Kati waliifuata njia ya misafara kwa sehemu kubwa. Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, reli ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Reli hiyo iliimarisha njia ambayo miguu ya wapagazi ilikuwa imeichagua tayari. Mpanda haikuwemo.

Iliyoingiza Mpanda kwenye mtandao wa reli ni biashara ya madini. Katika miaka ya 1930 iligunduliwa risasi, ile metali nzito itumikayo kwenye betri za magari, pamoja na fedha, shaba na dhahabu kiasi. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kampuni ya Uruwira Minerals ilifungua mgodi, na serikali ya kikoloni ya Waingereza ikajenga tawi la reli kutoka Kaliua, kituo kilicho magharibi mwa Tabora, hadi Mpanda. Tawi hilo lina urefu wa km 210, linavuka Mto Ugalla, na lilianza kutumika mwaka 1950. Mgodi ulifungwa mwaka 1960.

Kwa hiyo reli ilijengwa kwa ajili ya mgodi uliodumu takriban miaka kumi tu. Ajabu ni kwamba reli haikufa pamoja nao. Iliendelea kubeba abiria, mahindi, mchele na asali, na tangu miaka ya 1970 ilihudumia pia makazi ya wakimbizi kutoka Burundi yaliyoanzishwa Katumba, kando ya reli. Kwa vizazi viwili, wakati barabara za udongo zilikuwa hazipitiki masika, treni ndiyo iliyokuwa njia ya uhakika ya kutoka Mpanda. Uhakika huo ulikuwa na bei yake: abiria wa kwenda mashariki kuelekea pwani alianza kwa kusafiri km 210 kwenda kaskazini.

Kwa treni

Kutoka Dar es Salaam hadi Tabora ni km 840 kwa reli. Kutoka Tabora hadi Kaliua ni zaidi ya km 120, na kutoka Kaliua hadi Mpanda ni hizo 210. Jumla inakaribia km 1,200, yaani karibu km 300 zaidi ya mstari wa angani.

Reli ya zamani ina upana wa mita moja kati ya vyuma vyake. Treni hupita njia moja kwenda na kurudi, kwa hiyo hulazimika kupishana kwenye vituo, na mwendo wa wastani huwa mdogo kuliko wa basi. Kutoka Dar es Salaam hadi Tabora pekee huchukua siku nzima au zaidi. Treni ya Mpanda haipo kila siku, hivyo abiria atakayekosa kuunganisha Tabora huweza kusubiri huko, na usubirifu huo nao ni sehemu ya muda wa safari ingawa hauandikwi kwenye ratiba. Mvua nazo zina lake. Mafuriko ya Desemba 2009 yaliharibu vibaya reli katika bonde la Kilosa, na msafiri wa Mpanda, aliye zaidi ya km 600 kutoka Kilosa, naye akakosa treni.

Reli mpya ya kisasa (SGR) imebadilisha sehemu ya mashariki. Treni za abiria za umeme zilianza kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024 na kufika Dodoma mwezi Julai mwaka huohuo. Zinakwenda kwa mwendo wa hadi km 160 kwa saa, na safari ya Dodoma iliyokuwa ya saa nane au zaidi kwa basi imekuwa ya takriban saa nne au pungufu. Msafiri wa Mpanda anaweza sasa kupanda treni hiyo hadi Dodoma na kuendelea kwa basi. Mkataba wa ujenzi wa kipande cha Tabora hadi Kigoma ulisainiwa Desemba 2022, na katika mipango ya serikali limo pia tawi la Kaliua–Mpanda–Karema, litakalofika Ziwa Tanganyika. Tawi hilo likijengwa, nalo litapita palepale Kaliua.

Kwa barabara

Kuna njia mbili. Ya kwanza hupita Morogoro, Dodoma, Manyoni, Itigi, Tabora na Sikonge hadi Mpanda, na ina karibu km 1,200. Kipande cha mwisho, Tabora–Koga–Mpanda, chenye takriban km 340, ndicho kilichokuwa kikitesa watu. Ni barabara ndefu inayopita porini, na ilipokuwa ya vumbi lori lililokwama masika liliweza kuzuia magari mengine kwa muda mrefu. Kilikamilishwa kwa lami mwanzoni mwa miaka ya 2020. Pengine hakuna jambo jingine katika historia ya karibuni ya Katavi lililopunguza muda wa safari kwa watu wengi kiasi hicho, hata kiwanja cha ndege, kwa sababu nauli ya basi inaweza kulipwa na mkulima.

Njia ya pili hutoka Mpanda kwenda kusini kupitia Sitalike, inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi, inafika Sumbawanga na Tunduma, halafu inafuata barabara kuu ya Zambia kupitia Mbeya, Iringa na Morogoro. Ni ndefu kwa karibu km 200, lakini inawafaa wenye shughuli Sumbawanga au Mbeya. Ndani ya hifadhi dereva hana budi kupunguza mwendo, kwa kuwa tembo, twiga na nyati huvuka barabara bila kuangalia saa.

Sheria ya Tanzania inayataka mabasi ya abiria yasizidi km 80 kwa saa, na km 50 kwa saa kwenye makazi ya watu. Kilomita 1,200 zikigawanywa kwa 80 ni saa 15, lakini basi haliwezi kudumu kwenye mwendo huo wakati wote. Kuna vijiji, mizani, ukaguzi, vituo vya kula na foleni za kutoka Dar es Salaam. Hivyo makadirio ya saa 18 hadi 20 ni ya haki zaidi.

Kwa miaka mingi mabasi ya masafa marefu yalikatazwa kutembea usiku kucha, kwa sababu za usalama. Safari ya saa 18 iligeuka kuwa ya siku mbili, abiria wakilala njiani, wengine ndani ya basi lenyewe. Zuio hilo liliondolewa mwaka 2023. Barabara haikufupishwa hata mita moja, lakini Mpanda ilisogea karibu na pwani kwa usiku mmoja.

Kwa ndege

Kiwanja cha Mpanda kina alama ya kimataifa NPY kwenye tiketi na HTMP kwenye vitabu vya marubani. Kiliboreshwa na kupata barabara ya kurukia ya lami mwanzoni mwa miaka ya 2010, kipindi ambacho Waziri Mkuu alikuwa Mizengo Pinda, mwenyeji wa Mpanda. Kiko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Kwenye kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko pwani, hasa mchana wa joto wa mwezi Oktoba, na ndege huhitaji kukimbia umbali mrefu zaidi ardhini kabla ya kupaa.

Shirika la Ndege la Tanzania (Air Tanzania) huhudumia Mpanda kwa ndege za Dash 8 Q400, ambazo mbili za kwanza zilipokelewa nchini Septemba 2016. Ni ndege za injini mbili zenye mapanga, zinabeba abiria 76, na mwendo wake mkubwa wa safari ni karibu km 667 kwa saa. Ni polepole kuliko jeti, lakini zina sifa inayohitajika huku: hazidai kiwanja kirefu sana, na hutumia mafuta machache kwenye safari fupi.

Kilomita 900 zikigawanywa kwa 667 ni saa 1 na dakika 21. Ndege haifikii mwendo huo mara inapoondoka. Hupaa taratibu, na kabla ya kutua hupunguza mwendo na kujipanga na kiwanja. Ukiongeza dakika 15 hadi 20 kwa mambo hayo, unapata ule muda wa saa 1 na dakika 40.

Ndege ikipitia Tabora hesabu hubadilika, lakini si kwa sababu ya umbali. Kutoka Dar es Salaam hadi Tabora ni km 733 angani, na kutoka Tabora hadi Mpanda ni km 240. Jumla ni km 973, yaani mzunguko wa Tabora unaongeza km 73 tu, ambazo ndege huzimaliza kwa dakika saba. Kinachokula muda ni kushuka, kusimama, kushusha na kupakia watu, kisha kupaa tena. Safari hiyo hukaribia saa mbili na nusu. Abiria asinung'unike sana: bila wa Tabora viti huenda visingejaa, na ndege ambayo haijai haidumu kwenye ratiba.

Upepo hauathiri sana. Kati ya Tokyo na miji ya magharibi mwake, au juu ya Atlantiki, pepo kali za juu zitokazo magharibi huweza kufanya kwenda na kurudi kutofautiana kwa saa nzima au zaidi. Karibu na ikweta, kwenye kimo ambacho Q400 huruka, pepo kwa kawaida ni za wastani, na tofauti kati ya kwenda Mpanda na kurudi huwa ya dakika chache.

Zaidi ya muda wa angani kuna muda wa ardhini: kuwahi kiwanjani, kukaguliwa, kusubiri mzigo. Kwa mtu anayeishi ng'ambo ya jiji la Dar es Salaam, njia ya kwenda kiwanjani asubuhi yenye foleni huweza kuchukua muda ulio sawa na wa ndege yenyewe. Mtu apange nusu siku. Tena ndege haziendi Mpanda kila saa kama daladala. Mwenye dharura Jumanne, huku ndege iko Alhamisi, atafika mapema zaidi kwa basi.

Saa ni ileile, jua si lilelile

Hakuna tofauti ya saa rasmi kati ya miji hii miwili. Tanzania nzima hufuata Saa za Afrika Mashariki, ambazo ziko saa tatu mbele ya saa za dunia na msingi wake ni longitudo ya 45° Mashariki. Mstari huo haupiti Tanzania hata kidogo. Uko baharini mashariki mwa pwani yetu. Miji yote ya nchi basi iko magharibi mwa mstari wa saa yake, na Mpanda iko mbali nao kwa karibu digrii 14.

Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa, yaani digrii moja kwa dakika nne. Digrii 8.1 kati ya Dar es Salaam na Mpanda ni sawa na dakika 32. Jua likichomoza Dar es Salaam, Mpanda watalisubiri nusu saa zaidi. Mwezi Julai jua la Mpanda huchomoza baada ya saa 1 asubuhi, wakati Dar es Salaam huwa limeshatoka tangu saa 12 na nusu na dakika chache. Jioni Mpanda hulipwa: jua huzama karibu na saa 1 usiku, na mwezi Februari hufikia saa 1:20.

Jambo hili si la vitabuni tu. Kwa hesabu ya Kiswahili, siku huanza kuhesabiwa jua linapotoka, na saa 12 asubuhi ndipo panapokucha. Hesabu hiyo huelewana vizuri na anga la pwani ilikozaliwa. Mpanda, saa 12 asubuhi bado ni giza sehemu kubwa ya mwaka, na mtoto anayetembea mbali kwenda shule huondoka nyumbani gizani. Waislamu wa Mpanda wanaofunga Ramadhani hawawezi kufuturu kwa adhana ya magharibi inayosikika redioni kutoka Dar es Salaam. Wakifanya hivyo watakuwa wamefungua jua likiwa bado linaonekana.

Abiria wa ndege ya jioni kwenda Mpanda ataona machweo yakichelewa. Kwenye latitudo hii jua huelekea magharibi kwa mwendo wa karibu km 1,660 kwa saa. Q400 haiwezi kushindana nalo, lakini kwa kwenda asilimia 40 ya mwendo huo hurefusha mchana wa abiria wake kwa ile nusu saa. Akirudi hunyang'anywa.

Upande wa pili wa ramani

Umbali wa Mpanda huonekana tofauti ukigeuza ramani. Nairobi, mji mkuu wa nchi nyingine, iko km 665 kutoka Dar es Salaam. Mpanda ni mbali zaidi kwa km 235. Dodoma iko km 517 mashariki mwa Mpanda, karibu kwenye latitudo ileile. Bujumbura iko chini ya km 400, na Kigoma km 225. Kalemie, mji wa bandari wa Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, uko km 215 hivi, karibu kuliko Tabora.

Ziwa lenyewe, kwenye kijiji cha Karema, liko chini ya km 90 kutoka Mpanda kwa mstari wa angani, ingawa barabara inayoshuka huko ni ndefu zaidi kwa kuwa inapita kwenye milima. Karema ilikuwa kituo cha Wabelgiji mwaka 1879 na misheni ya Wamisionari wa Afrika tangu 1885, enzi ambazo kutoka pwani hadi hapo kulihesabiwa kwa miezi. Sasa imejengwa bandari mpya ya kupokea mizigo ya Kongo. Shehena inayotoka Dar es Salaam kwenda Kalemie kwa njia hiyo hupita Mpanda ikiwa imebakiza barabara fupi na maji.